Jinzi ya njano kwa ndani

Wadau, nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kazi. Sijaacha. Nilianguka na bodaboda, goti la kulia likakataa kukunjika, na hata kukaa mezani kuandika ikawa shughuli.

Nilikuwa natoka Oldeani kurudi Karatu mjini, nimekwenda kufuatilia habari ya tembo wanaoshuka usiku kutoka msitu wa Ngorongoro na kumaliza mahindi ya watu. Mnaoijua ile njia ya udongo mwekundu mnajua mvua kidogo tu inaigeuza sabuni. Tulipita salama kwenye utelezi wote. Tulikuja kuanguka kwenye lami! Tulikuwa tumeshavuka Njia Panda, tumeingia barabara nzuri inayotoka geti la Lodoare, dereva wangu akafurahi kama tunavyofurahi wote tukiona lami, akaongeza mwendo. Matope yaliyoganda kwenye tairi yakafanya yao. Hamsini hivi kwa saa, kona kidogo, pikipiki ikalala ubavu nasi tukaburuzika nyuma yake.

Mimi nilivaa jinzi. Tangu nikiwa chuo niliamini jinzi ni suruali ya kazi, nguo ya wanaume wa migodini, kitu kigumu. Niliposimama kulikuwa na tundu la ukubwa wa kisosi gotini na ngozi haikuwepo. Dereva wangu alivaa traksuti. Ya kwake iliyeyuka. Plastiki ndiyo asili ya vitambaa vile, na msuguano wa lami una moto wake. Hospitali nesi alikaa muda mrefu akitoa nyuzi kwenye nyama na kibano, huku dogo ameng'ata kofia yake ya sufi. Katikati ya shughuli hiyo akanigeukia: "Pole mwandishi." Yaani yeye ndiye ananipa pole mimi!

Basi nikiwa nimelala na goti langu nikaanza kusoma. Na niliyoyasoma yameniondolea imani yangu ya jinzi. Kwenye vipimo vya maabara, jinzi ya kawaida ya pamba hutoboka kabla sekunde 1 haijaisha. Mtu aliyeanguka akiwa kwenye hamsini anaburuzika kama sekunde 2. Pigeni hesabu wenyewe.

Kumbe kuna jinzi za pikipiki. Kwa nje ni jinzi kama yako, lakini kwa ndani, magotini, kiunoni na makalioni, zimeshonewa kitambaa cha aramidi. Jina lake maarufu la biashara ni Kevlar, lile la fulana za kuzuia risasi. Uzi wenyewe aliugundua mwanamke mkemia wa kampuni ya DuPont kule Marekani, Stephanie Kwolek, mwaka 1965. Asili yake ni rangi ya njano. Ikumbukeni hiyo rangi.

Ulaya nguo hizi zina daraja. Kuna kipimo kinaitwa EN 17092, kimetoka mwaka 2020, na herufi zake hushonwa kwenye lebo ya ndani: A, AA na AAA. Zile sehemu zinazogonga kwanza, daraja la A hupimwa kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa, AA 70, AAA 120. AAA ni nzito na ina joto. Kwa bodaboda wa Karatu nadhani AA ingetosha kabisa. Ugumu uko kwenye bei: nje huko jinzi ya maana huanzia kama dola 100 na kupanda. Dogo alipoisikia alicheka mpaka kidonda kikamuuma.

Tarehe 7 ya mwezi, kama kawaida ya Karatu, ikawa siku ya mnada. Tukaenda wote wawili, mmoja anachechemea kulia, mwingine kushoto. Nilikuwa nimejiwekea sheria zangu za umaskini. Kama ni jinzi ya kawaida, basi nene, ya zamani, pamba tupu, siyo hizi zinazovutika zinazobana kama soksi. Iwe ndefu, maana ukikaa kwenye pikipiki suruali inapanda, na kigimbi kikibaki wazi utapata ile alama ya ekzosi ambayo nusu ya abiria wa nchi hii wanayo mguuni. (Dada zangu wa sketi, mnanielewa.)

Nimepekua mafungu hadi mgongo ukauma. Kisha nikamwona muuzaji mmoja ameshika mkasi, anafumua kitu ndani ya suruali nyeusi. Kitu cha njano.

"Anko, unafanya nini?"

"Natoa hiki kitambaa, bosi. Kinawasha. Wateja wanakikataa."

Nilimshika mkono. Goti moja lilikuwa limeshaanza kufumuliwa, lingine zima, makalioni kuko sawa. Gotini kuna mifuko ya kuwekea zile pedi za kukinga kishindo, mitupu. Lebo ilishafutika. Nikajifanya sitaki. Alianzia 25,000, tukaishia 15,000, na akaniona mjinga kununua suruali yenye kasoro.

Dogo naye macho yalikuwa pale pale. Hakusema kitu, lakini mimi nilijua kinachoendelea kichwani mwake kwa sababu kilikuwa kinaendelea na kwangu. Mimi napanda bodaboda mara 3 kwa wiki. Yeye yuko juu ya pikipiki tangu saa 12 asubuhi, ukungu wa kreta umeshuka mpaka mjini, koti amelivaa nyuma mbele kuzuia baridi, mpaka usiku. Nikampa ajaribu.

Suruali za namna hii huzijaribu ukiwa umesimama, ukafurahi. Kaa kwenye pikipiki. Alipokaa, kile kitambaa kilishuka chini ya goti, kikakaa kwenye muundi. Yeye ni mfupi, na kiuno kilimpwaya, maana yake akianguka suruali nzima ingezunguka. Tukampelekea fundi cherehani. Fundi akasema kupunguza chini anaweza, kiuno anaweza, ila goti la suruali halihami. Nilivyokaa mimi, ilinikaa sawasawa. Nimeichukua mimi, na sikujisikia vizuri.

Nyumbani nilikuwa nimeshachota maji ya moto na kumimina Jiki, tunavyofanya wote na mitumba, kabla sijakumbuka kwamba hiyo ndiyo sumu ya aramidi. Dawa ya kung'arisha inazidhoofisha zile nyuzi na wewe hutaona kitu kwa macho. Nikaifua kwa sabuni ya kawaida, nikaianika kivulini kwa sababu na jua kali linaila. Fundi amerudishia goti lililofumuliwa kwa uzi imara. Pedi sina bado. Bila pedi inakinga ngozi tu. Mfupa ukikutana na bampa ya Land Cruiser ya watalii, hakuna jinzi itakayokusaidia.

Traksuti dogo ameichoma. Kwa sasa anavaa kadeti mbili, moja juu ya nyingine, na jana alinibeba hadi Rhotia kwa mwendo wa bibi harusi.

Mnada ujao tunarudi. Nanyi wadau wa Karume, Manzese na Memorial pale Moshi, mnaopekua kila Jumamosi, geuzeni suruali ndani nje kabla hamjazirudisha kwenye fungu. Mkiona njano, nipigieni. Kiuno 30, mguu mfupi. Hela ninayo mimi.