Msimpime Mama kwa Machozi Yake

Wajukuu zangu,

Nguvu zinaniishia, na kabla sijaondoka nina neno juu ya zile filamu mnazokesha mkizitazama: mama anashukiwa kuua zamani, mtoto wake anamchunguza kimyakimya, na kila akitabasamu sisi watazamaji tunaingiwa na hofu. Zinanasa, nami nimezitazama nanyi hadi mwisho. Ila zinatuzoesha kuuchukua uso wa mtu kuwa ushahidi, na hilo linanitisha kuliko filamu zenyewe.

Mjueni Lindy Chamberlain wa Australia. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, yeye na familia yake walikuwa kambini karibu na mwamba wa Uluru. Azaria, bintiye wa wiki tisa, akatoweka hemani. Mama alipiga kelele kwamba dingo, mbwa mwitu wa kule, amemchukua mwanawe. Wenyeji wa asili, mabingwa wa kusoma nyayo katika mchanga ule, waliona alama za dingo aliyebeba mzigo. Uchunguzi wa kwanza wa kifo nao ulikubali hivyo.

Watu wengi wakakataa. Lindy alikuwa amezungumza kwenye televisheni macho makavu, sauti imetulia, na mama aliyefiwa, walisema, hawi hivyo. Kwa kuwa familia ilikuwa ya Kisabato, dini ambayo wengi hawakuijua, ukazuka uvumi kwamba mtoto ametolewa kafara. Kesi ikafufuliwa. Mtaalamu akaapa kwamba ndani ya gari lao mna damu ya mtoto mchanga. Oktoba 1982 Lindy akahukumiwa kifungo cha maisha, akiwa mjamzito. Mwezi uliofuata akajifungua binti mwingine, naye akaondolewa mikononi mwake.

Baadaye ikabainika kwamba kilichoitwa damu kwenye gari kilikuwa dawa ya kupunguza kelele, iliyopulizwa kiwandani.

Mwaka 1986 mtalii alianguka mwambani akafa. Waliokuwa wakiutafuta mwili wake wakaokota kikoti cha Azaria, mahali penye mapango ya dingo. Ni kikoti kilekile ambacho mama alishikilia kwamba mtoto alikivaa, akaonekana mwongo. Akaachiwa. Hukumu ikafutwa 1988, lakini hadi 2012 ndipo ikaandikwa rasmi kwamba dingo ndiye aliyemuua mtoto.

Nchi hiyohiyo, mwaka 2003, ikamtia hatiani Kathleen Folbigg kwa vifo vya watoto wake wanne. Shajara alimojilaumu zikasomwa mahakamani kama ungamo. Sasa niulizeni mimi: ni mama gani aliyezika mtoto asiyejilaumu? Alikaa gerezani miaka 20, hadi wanasayansi walipoonyesha kwamba binti zake wawili walirithi kasoro ya vinasaba inayoweza kuusimamisha moyo. Akasamehewa Juni 2023. Desemba hukumu ikafutwa.

Nawaagiza hivi kwa sababu ya mama yenu. Tangu utotoni halii mbele za watu. Alipomzika baba yake alipika, akapokea wageni, akahesabu masufuria, nami nilisikia waliokuwa wakinong'ona mkekani. Siku yangu ikifika watanong'ona tena. Msimwombe alie ili waridhike. Mwacheni ashike kazi zake, na mmoja wenu alale chumbani kwake mpaka matanga yaondolewe.

Bibi yenu