Kabati Lisilomo Nyumbani

Katika nyumba nyingi za mjini siku hizi, ndugu msomaji, limeingia kabati la ajabu. Halina mbao wala bawaba, halishiki vumbi, na hakuna seremala aliyelitengeneza. Ukifungua kompyuta unaliona limepangwa safu moja na diski halisi: hii hapa C, hii D, na hilo la tatu limepewa herufi yake, G au Z, nalo lina folda na faili kama wenzake. Mtoto akiulizwa vitu hivyo viko wapi, atajibu bila kusita kwamba vimo ndani ya kompyuta. Kumbe havimo. Viko katika jumba la mitambo ng'ambo ya bahari, pengine Ulaya, pengine Marekani, ambalo watu wamezoea kuliita wingu.

Jina hilo la wingu silipendi. Wingu huelea na halina mwenyewe, ilhali jumba lile lina kuta, nyaya za umeme, mlinzi langoni, na mwenye nyumba adaiye kodi. Tena laweza kuungua kama ghala lolote. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la mitambo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja ambao nakala zao zote zilikuwa humo hawakuzipata tena.

Nimelazimika kuyachunguza mambo haya kwa sababu ya kaseti za marehemu baba. Mzee alikuwa mtu wa kusimulia, na katika miaka ya 1980 alikaa mbele ya radio yake akajirekodi mwenyewe, kaseti 14 za dakika 60 kila moja. Mna nasaba ya ukoo, mna safari za babu, mna mipaka ya shamba, mti kwa mti na kijito kwa kijito. Na hapa na pale mna kikohozi chake, na sauti ya mama akiuliza kama chai iletwe. Dada yangu mkubwa, aishiye Mwanza, ndiye aliyezitunza katika sanduku la bati. Mimi niko Dar es Salaam, na mdogo wetu yuko Mtwara. Mwaka 2022 tulichanga fedha, sauti hizo zikahamishiwa kwenye kompyuta bila kubanwa. Saa moja ya sauti ya namna hiyo hula zaidi ya megabaiti 600, hivyo jumla yake ilikaribia gigabaiti 9. Mpwa wangu, aliyesomea mambo ya kompyuta, ndiye aliyezipeleka huko mbali. Mtandao wetu ulikuwa ukipandisha megabiti 2 tu kwa sekunde, kwa hiyo kazi ilianza jioni ikamalizika alfajiri.

Kisha akatuunganishia nyumba zote tatu, kila kompyuta ikapata kabati lake lenye herufi Z. Alitumia programu iitwayo rclone, iliyobuniwa na Mwingereza Nick Craig-Wood, ambayo haiuzwi, hutolewa bure. Nilimtaka anieleze inavyofanya kazi, kwani sipendi kutumia kitu nisichoelewa hata kidogo. Alinieleza kwamba tangu mwaka 2005 kiini cha mfumo wa Linux kina mlango uitwao FUSE, ambao huiruhusu programu ya kawaida kujifanya diski. Kwenye Windows mlango wa namna hiyo huwekwa kwa programu nyingine iitwayo WinFsp. Kompyuta yenyewe haijui kwamba imedanganywa. Inaomba faili kama inavyoomba kwa diski yake, na programu inajibu.

Mimi nimelielewa jambo hili kwa mfano wa karani wa masijala. Karani yuko dirishani na daftari la majina ya majalada, lakini majalada yenyewe hayamo ofisini mwake. Ukiomba moja, humtuma tarishi avuke bahari, alete kurasa za mwanzo, nyingine zifuate kadiri unavyosoma. Kilicholetwa huwekwa kwenye droo kwa muda, ili ukikiomba tena tarishi asirudi njiani bure. Hayo ni mema. Lakini ukimpa karani huyo jalada la kupeleka, hulitia kwanza katika droo yake, akakuambia limepokelewa, kabla tarishi hajatoka mlangoni. Umeme ukikatika wakati huo, wewe unaamini jalada limefika, nalo lingali drooni.

Gharama nayo haisemwi. Ukifungua folda yenye picha 2,000, kompyuta hutaka kukuonyesha kila picha kwa udogo wake, na ili kufanya hivyo hulazimika kuzivuta toka mbali. Programu ya kukagua virusi nayo, kwa bidii yake, hupenda kusoma kila faili iliyomo katika kila diski, na yenyewe haina habari kwamba diski hii husomwa kwa bando. Wiki ya kwanza nyumbani kwangu bando la siku saba halikuiona Jumatano.

Ugomvi wetu, hata hivyo, haukuanzia kwenye bando. Ulianza mdogo wangu alipotoa shauri kwamba kaseti za mzee zitupwe. Alisema zinaota ukungu, sanduku linachukua nafasi kwa dada, na sauti sasa zimo katika kompyuta za nyumba tatu. Nakala tatu zatosha. Mpwa wetu alimjibu kwa adabu: "Hapana, mjomba. Hizo si nakala tatu. Ni madirisha matatu ya chumba kimoja." Mdogo wangu alicheka akasema vijana hupenda kuyafanya magumu yaliyo mepesi. Dada hakubishana na mtu. Alisema tu kwamba sanduku haliondoki chini ya kitanda chake.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 tulimkaribisha shangazi hapa Dar es Salaam. Amevuka miaka 80, na ndiye pekee aliyebaki katika kizazi cha baba. Alitoka kijijini kwa kazi moja: mpaka wa shamba upande wa kijito ulikuwa umeleta maneno kati yetu na watoto wa ami yetu, naye alitaka kumsikia kaka yake akiutaja kwa kinywa chake, ndipo aende kusema mbele ya wazee. Tulimketisha mbele ya kompyuta. Majina ya kaseti yalikuwa yote pale, ya kwanza hadi ya 14, kwa kuwa mpwa alikuwa ameiagiza programu ihifadhi orodha kwa muda mrefu. Tukabonyeza ya sita. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Tukabonyeza tena. Shangazi alikitazama kioo, akanigeukia: "Mwanangu, kaka amekataa kusema?"

Siku hiyo nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya Bahari ya Hindi zilikuwa zimekatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Simu za kawaida zilikuwa zikipita. Tukampigia dada huko Mwanza, naye akalivuta sanduku, akatia kaseti ya sita katika radio yake kongwe, akaiweka simu karibu na spika. Shangazi alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono mmoja umeshika simu sikioni, mwingine ukihesabu miti kwa vidole. Alipomaliza alisema: "Basi, nimesikia," akaomba maji ya kunywa.

Mtu angedhani mjadala uliishia hapo, lakini mdogo wangu ni mgumu. Alisema nyaya hukatika mara moja moja. Kilichomwangusha ni jambo la baadaye, lililotokea nyumbani kwake. Mwanawe wa kidato cha tatu alitafuta nafasi katika kompyuta, akaona diski Z ina faili kubwa kuliko zote, akaifuta folda nzima ya kaseti. Diski yake haikupata nafasi hata chembe, maana hazikuwa zikikaa humo. Lakini Mwanza zilitoweka, na Dar es Salaam zilitoweka. Bahati kampuni tuliyoweka vitu vyetu huacha vilivyofutwa katika pipa la taka kwa siku 30, na mpwa aliwahi siku ya 22.

Hatukuliondoa kabati Z. Dada husikiliza sauti ya baba jioni akichambua mchele, bila kuichosha kaseti, na hilo si jambo dogo. Ila sasa tuna diski mbili za kushikika kwa mkono, moja Mwanza na moja kwangu, na mpwa hunakili humo kwa amri ya kuongeza tu, si ile inayofuta hapa kilichofutwa kule. Limebaki suala la akaunti, ambayo ni ya mpwa mwenyewe. Google, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka 2 yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Tumemwomba aandike neno la siri katika bahasha, na bahasha hiyo imetiwa katika sanduku la bati.

Mdogo wangu ameagiza diski ya tatu kwa fedha yake. Shangazi yeye hataki diski. Ameomba kaseti ya sita, kaseti yenyewe, aiweke kijijini, na dada amekwisha kuzunguka maduka mawili ya Mwanza akitafuta mtu ambaye bado anauza kaseti tupu.