Kete Zilipoanza Kutembea Tena

Septemba 2023, kampuni ya Unity, yenye injini ya kutengenezea gemu, ilipotangaza ada itakayohesabiwa kila gemu inaposakinishwa, watengenezaji wengi wa gemu walianza kutafuta injini nyingine. Ada ile ilifutwa mwaka mmoja baadaye. Mimi sikuwa hata nikiitumia injini hiyo, na gemu zangu huzitengeneza usiku baada ya kazi, bila kuuza. Ila mazungumzo ya siku zile ndiyo yaliyonifikisha kwenye injini ya Godot.

Godot ilianzia Argentina, mikononi mwa Juan Linietsky na Ariel Manzur, na tangu 2014 msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kilichonivuta zaidi ni wepesi. Unapakua, unafungua, unaanza, hata kwenye laptopu kuukuu kama yangu.

Nikaanza upya gemu yangu ya bao, niliyokuwa nimeiacha nikidhani hamu imeniisha. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na raha ya kulitazama iko kwenye mkono unaosambaza kete shimo hadi shimo. Nikaandika mistari michache: chukua kete zote, dondosha moja, subiri kidogo, dondosha nyingine. Bila ule muda wa kusubiri, zote hutua kwa mpigo na jicho haliambulii kitu. Nikaweka sehemu ya kumi ya sekunde, mbio mno. Nikaongeza kidogo, na kete zikatembea kama zinavyotembea mkononi mwa mzee barazani. Nilicheka peke yangu.

Hamu haikuwa imeniisha. Kilichokuwa kimerefuka ni njia kati ya wazo na jicho. Kazi ya ridhaa haina mshahara wa kukuvumilisha; malipo yake ni kuona ulichokiwaza kikitendeka usiku huohuo. Malipo hayo yakichelewa, mtu huacha taratibu huku akijiita mvivu. Aliyeweka kando gitaa au cherehani yake ningemwomba aangalie kwanza kinachomkwamisha kuanza, kabla hajasema hapendi tena.

Msimbo wa zamani niliuacha karibu wote. Sheria za bao zilikuja nami, kwa sababu zilikuwa kichwani: hatua ya kunamua kwanza, kila mchezaji akianza na kete 22 za akiba, ndipo hatua ya mtaji.

Sasa nimefika kwenye shimo linaloitwa nyumba, pale mchezaji anapochagua alale, yaani asimame hapo, au asafirishe kete zake. Kila nikigusa sheria moja, nyingine inayumba, na sina haraka nayo. Ikikamilika, nitawapa simu wacheza bao wa mtaani kwetu wanisahihishe.