Unayemfungia, Unaweza Kumlisha?

Mwezi uliopita kamati ya msikiti wetu hapa Chimwaga ilipokea ombi lisilo la kawaida. Mzazi mmoja, dereva wa lori, alipewa heroe hai huko Singida, akataka kumleta akae katika ua wa madrasa ili watoto wafurahi. Chakula, alisema, kisitutie wasiwasi: angeleta pumba na makombo ya wali kila siku. Ila ndege alikuwa kwake siku ya pili na hajagusa kitu. Nikiwa katibu, nilitakiwa kuandaa jibu.

Kufuga ndege si haramu. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa mdogo wake, Abu Umayr, alikuwa na kidege cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) hakumkemea. Lakini katika Bukhari na Muslim imo pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Ruhusa ya kufuga, basi, inafungamana na uwezo wa kulisha.

Na heroe halishwi kama kuku. Heroe mdogo hula vijimea visivyoonekana kwa macho, vinavyoelea katika maziwa ya magadi kama Natron. Huinamisha kichwa hadi mdomo ukageuka juu chini, ulimi ukavuta na kusukuma maji kama pampu, na vichujio vya mdomoni vikabakiza chakula. Mwekee sahani ya pumba kavu, atabaki na njaa yake mbele ya sahani. Hata wekundu wake hutokana na rangi zilizomo katika mlo huo, ambazo ini huzichakata na damu kuzifikisha kwenye manyoya. Ndiyo maana bustani za wanyama za Ulaya na Marekani huandaa chakula maalumu chenye rangi hizo. Wakikikosa, manyoya mapya huota yamepauka.

Kinda naye hutoka yaini na mdomo ulionyooka, usioweza kuchuja. Kwa majuma kadhaa baba na mama humlisha majimaji mekundu yatokayo kooni mwao, yenye mafuta na protini, hata rangi yao wenyewe ikafifia.

Tulimjibu mzazi yule kwa upole kuwa hatuna maji ya magadi wala utaalamu, na kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Alihuzunika, kwani nia yake ilikuwa njema; hata hivyo aliwapigia simu maofisa wa wanyamapori siku ileile, wakaja kumchukua ndege angali hai.

Wazazi wenzangu, watoto wetu watataka njiwa, bata na sungura. Wapeni, lakini kwanza waulizeni: huyu anakula nini, mara ngapi kwa siku, na nani atamlisha tutakaposafiri sote wakati wa Idi? Asiyeweza kujibu bado hajawa tayari kukabidhiwa roho ya kiumbe.