Bwana Ndege wa Herefordshire

Ndugu msomaji, je, umewahi kufuga kanga? Kama umewahi, unaijua taabu yake. Unaokota mayai porini, unamwatamisha kuku, yanaanguliwa. Unawalisha vifaranga mchwa na chenga za mtama mpaka wanakua. Halafu siku moja wanaruka ua, wanaingia porini, na hawarudi. Jirani anawala. Ukienda kumdai anakuuliza, "Kanga wako walikuwa na alama gani?"

Leo nataka kukusimulia habari za mtu mmoja wa Uingereza mwenye taabu kama hiyo. Ila yeye ana ndege 300, tena anawafungulia mwenyewe kwa makusudi.

Mwezi wa Julai mwaka 2023 nilipata nafasi ya kukaa majuma matatu katika mkoa wa Herefordshire. Mkoa huo uko magharibi ya Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Udongo wake ni mwekundu. Ukiushika mkononi utadhani uko Lushoto. Ng'ombe wao nao ni wekundu, na nyuso zao ni nyeupe. Wana mashamba makubwa ya matufaa, na matufaa hayo mengi hutengenezwa pombe.

Huko Julai ni kiangazi. Lakini usidhani ni kiangazi kama chetu. Mvua inanyesha wakati wowote, na asubuhi nilivaa sweta. Jambo lililonishangaza zaidi ni jua. Linachomoza kama saa 11 alfajiri, na giza haliingii sawasawa mpaka saa 4 usiku. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi mbili kwa siku moja bila taa.

Ndivyo afanyavyo mwenyeji wangu. Mchana yeye ni fundi wa matrekta. Alfajiri na jioni ni mtunza ndege wa shamba la jirani yake. Mimi nilimwita Bwana Ndege, kama nyinyi mnavyoniita mimi Bwana Shamba. Aliniuliza maana yake. Nilipomweleza kwamba kwetu ndege ni yule wa porini, na pia ni ile inayobeba abiria, alicheka sana.

Ndege anaowatunza wanaitwa fezanti. Fezanti ni mkubwa kama kuku. Dume ana shingo ya kijani inayong'aa, uso mwekundu, na mkia mrefu kama upinde. Asili yake si Uingereza. Asili yake ni Asia, lakini amekaa Uingereza kwa mamia ya miaka.

Mpango wao ni huu. Mwenye shamba na rafiki zake, jumla yao watu 12, wanachanga fedha. Kwa fedha hizo wananunua makinda na chakula. Majira ya baridi yakifika wanawawinda kwa bunduki, wanagawana nyama na nyingine wanauza. Sheria ya huko inaruhusu kuwinda fezanti kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka tarehe 1 Februari. Siku ya Jumapili hawawindi, na Krismasi hawawindi. Bwana Ndege halipwi mshahara. Yeye hachangi fedha, naye anapata siku zake za kuwinda pamoja na wenzake. Lakini makinda wakifa, watu 12 wanamtazama yeye.

Kuna jambo jingine la sheria ambalo lilinikumbusha kanga wetu. Fezanti akiwa ndani ya boma ni mali ya aliyemnunua. Akiisha kufunguliwa akaenda zake, ni ndege wa porini, si mali ya mtu. Akivuka mpaka akaingia shamba la jirani, jirani ana haki ya kumwinda humo. Basi kazi yote ya kiangazi ni kuwafanya ndege wapapende mahali pao hata wasitake kuondoka.

Nilipofika, makinda walikuwa bado hawajaletwa. Tulianza na boma. Boma hilo liko ndani ya msitu mdogo, katikati ya shamba. Ukubwa wake ni karibu robo tatu ya eka, maana wataalamu wa huko wanashauri ndege wasizidi 1,000 kwa hekta moja ya boma. Wakizidi, wanadonoana, wanaambukizana maradhi, na majani ya msituni yanakwisha. Wavu wa boma ni kama ule wa kuku, na urefu wake ni mita 2 kwenda juu. Juu hakuna paa. Chini, wavu umekunjwa kwa nje na kulazwa juu ya ardhi, kisha umekazwa kwa vigingi, ili mnyama akichimba akutane na waya.

Tulikagua wavu wote, hatua kwa hatua. Palipotoboka tulishona kwa waya. Tulikata matawi ili jua liingie, kwa sababu makinda wanahitaji jua la kukaushia manyoya. Vilevile tulilaza fito chini chini, wajifunze kulala juu. Kinda anayelala chini ni chakula cha mbweha.

Mbweha ndiye adui mkubwa. Wa huko ni mwekundu, na mkia wake ni mnene kama ufagio. Kwa ajili yake wamezungusha nyaya 2 za umeme nje ya wavu. Waya wa kwanza uko karibu shubiri moja kutoka chini, na wa pili uko shubiri mbili. Umeme unatoka kwenye betri kama ya gari. Haumuui mnyama, lakini mbweha akigusa kwa pua harudi upesi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea mimi.

Majani mabichi yakigusa waya, umeme unapita kwenye majani na kuingia ardhini. Yakiwa mengi na yameloa, waya unabaki kama kamba tu. Kwa hiyo majani chini ya nyaya yanafyekwa mara kwa mara. Makinda walipokuwa wamekaa bomani siku 4, Bwana Ndege aliitwa mbali kutengeneza trekta. Aliniomba nifyeke majani ya pande zote nne. Nilifyeka pande tatu. Upande wa nne una mtaro na miiba mingi. Mvua ikaanza. Nikasema moyoni, upande huu nitaumaliza kesho. Yeye alirudi usiku. Aliniuliza kama kazi imekwisha. Nilimjibu kwamba imekwisha, imebaki kidogo tu.

Usiku ule mvua ilinyesha mpaka alfajiri.

Saa 11 tulikwenda kulisha. Kwa kawaida Bwana Ndege anapiga mluzi akiwa bado mbali, na makinda wanakuja mbio kama kuku wasikiavyo mahindi yakimwagwa. Asubuhi hiyo alipiga mluzi, wakaja wachache. Wengine walikuwa wamejificha kwenye vichaka. Kule kwenye mtaro maji yalikuwa yameng'oa kigingi kimoja, na mbweha alikuwa amechimba chini ya wavu. Mbweha akiingia mahali kama hapo hali mmoja akashiba akaondoka. Anaua kila anayekimbia mbele yake. Tuliokota makinda 23. Wengi hawakuliwa, walikuwa wamevunjwa shingo tu.

Nilimwambia ukweli wote. Hakunigombeza. Alikwenda kushika panga lake, akaanza kufyeka upande ule wa nne bila kusema neno. Mimi nilichukua panga la pili. Ningependa angenigombeza. Jioni aliandika 23 katika daftari lake, akawapigia simu wenzake mmoja mmoja. Mimi nilikaa karibu nikisikia.

Nirudi kwenye siku walipoletwa makinda. Walikuwa na umri wa majuma 7. Waliletwa asubuhi katika makreti, ili wapate mchana mzima wa kuzoea mahali kabla ya usiku. Kabla ya kuwaachia, tulikata ncha za manyoya marefu ya bawa moja, upande mmoja tu. Haiumi, ni kama kukata kucha. Ndege wa namna hiyo akiruka anapinda na kuanguka, kwa hiyo anabaki bomani majuma kadhaa mpaka manyoya mapya yaote. Wakianza kuruka nje, jioni wanataka kurudi na hawawezi kupita wavu. Kwa ajili hiyo boma lina vijimlango vyembamba chini, mfano wa dema la kuvulia samaki. Ndege anaingia kwa urahisi, lakini mbweha hapenyi, na aliye ndani haoni njia ya kutokea.

Chakula chao cha kwanza ni kile cha kiwandani, kama cha vifaranga wa kuku. Baadaye kidogo kidogo wanachanganyiwa ngano. Ngano huwekwa katika madumu yaliyotobolewa chini, ndege akidonoa punje zinaanguka.

Maradhi yao utayatambua, maana ni ndugu wa maradhi ya kuku wako. Wana kuhara. Wana minyoo ya kooni, ambayo humfanya ndege apanue mdomo na kukohoa kama amekabwa. Daktari wa mifugo anaandika dawa, nayo inachanganywa na chakula. Bwana Ndege hakuniruhusu kuingia bomani na viatu nilivyotoka navyo nyumbani. Alinipa buti zake, na kila mara tulizikanyaga katika beseni la dawa. Wakati huo mafua ya ndege yalikuwa yamewatisha wote. Mwaka 2022 mafua hayo yaliingia sana Ufaransa, ambako Waingereza wananunua mayai na vifaranga wengi wa fezanti, na mashamba mengi ya Uingereza yakakosa makinda. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, hata mwenye kuku mmoja huko lazima ajiandikishe serikalini.

Mwewe na bundi nao wanachukua makinda, lakini huwezi kuwapiga. Sheria ya mwaka 1981 inawalinda. Bwana Ndege anatundika mitini sidii kuukuu, zile sahani za muziki zinazong'aa, ziwatishe. Aliniambia kwamba zinasaidia kwa siku chache, kisha mwewe anazizoea.

Karibu na msitu nilionyeshwa kipande cha mahindi. Kilikuwa kimepandwa Mei, na Julai mahindi yalinifika kiunoni. Niliuliza yatavunwa lini. Bwana Ndege alisema hayavunwi. Yanaachwa yakauke yakiwa yamesimama, fezanti wajifiche humo na kula majira yote ya baridi. Kwa kweli, ndugu msomaji, maneno hayo sikuyameza upesi. Nimeona miaka ya njaa. Nilimwambia hivyo. Alijibu kwamba ndege wadogo wa porini nao wanakula humo wakati wa theluji. Alisema pia kwamba huko kwao wako watu wengi wasiopenda kazi hii, maana kila mwaka makumi ya mamilioni ya fezanti wanafunguliwa katika nchi nzima. Hakujaribu kunibadilisha mawazo, nami sikujaribu kumbadilisha yake.

Mwezi wa Septemba, aliniambia, kazi inabadilika. Ndege wanaanza kutembea mbali. Kila alfajiri anazunguka mipaka ya shamba na mbwa wake, akiwarudisha taratibu kama mtoto anayeswaga mbuzi. Halafu anakwenda kwenye matrekta.

Niliondoka kabla ya hapo. Siku ya mwisho nilifyeka pande zote nne, ya mtaro nikaianza kwanza.

Mwezi wa Desemba niliipata barua yake. Katika siku mbili za kwanza za kuwinda walipata fezanti 61, na wenzake wameridhika. Upande wa mtaro amepanga mawe juu ya wavu. Mwishoni aliniuliza nina kanga wangapi sasa. Nilimjibu kwamba nina 14, na nimewakata manyoya ya bawa moja kama alivyonifundisha. Barua ilipokuwa njiani, manyoya yaliota. Leo ninao 11.