Sare ya Picha

Tulipoazimia kupiga picha ya ukoo mzima, hapa Bagamoyo, sisi wanaume tulikubaliana upesi: kanzu nyeupe na kofia za viua. Wanawake walitaka kanga za sare. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vyenye jina moja. Basi lililozua mabishano si rangi bali jina. Mawifi walishuku kwamba fumbo lililochaguliwa linawasema wao, na picha haifutiki! Mwishowe zikachukuliwa zenye maneno ya dua.

Shangazi yetu mjane, asiye na fedha ya doti, alifika amejitanda kaniki. Dada yetu mkubwa akamvika kipande chake cha juu, naye akajitanda ile kaniki. Pichani hao wawili tu ndio wenye nusu doti, nao wamesimama katikati.