Mkonge, Mkongo na Waya wa Darini

Sisi watu wa Korogwe tumezaliwa ndani ya mkonge. Enzi ambazo garimoshi la Tanga lilikuwa likipita kila siku, msafiri aliyekaa dirishani hakuona kingine ila mistari ya mkonge iliyonyooka hadi miguuni mwa milima ya Usambara. Kwa hiyo mwaka 2009 redio ilipoanza kutangaza habari za mkongo, wazee kadhaa hapa kwetu Makuyuni walidhani mtangazaji ameshindwa kulitamka vizuri jina la zao letu. Nikawa na kazi ya kueleza barazani kwamba mkongo ni waya mnene uliolazwa chini ya bahari, kwamba Julai mwaka ule mkongo wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam, na kwamba ndani yake mna nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Mzee mmoja akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na kutoka huko baharini mpaka nyumbani kwa mtu, Mwalimu, utafikaje?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. (Makuyuni yangu, ndugu msomaji, ni hii ya Korogwe, si ile ya Monduli kwenye njia ya kwenda Manyara. Barua zangu mbili tatu zimewahi kufika kule na kurudi zimechoka.)

Jibu la swali lile nililiona kwa macho yangu mwaka 2011, nyumbani kwa binti yangu, Korogwe mjini. Yeye alikuwa akisoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo ambacho sheria ya mwaka 1992 ilikianzisha kwa ajili ya watu wa namna yake: mwenye kazi, mume na watoto wawili, asiyeweza kufunga virago akakae bwenini. Nyumba waliyopanga ilikuwa na simu ya mezani tangu zamani, basi wakaunganishiwa intaneti katika laini hiyohiyo. Sisi wa Makuyuni tusingeweza hata kuomba. Intaneti ya namna ile huchoka njiani. Waya wa shaba ukizidi kilomita tano hivi kutoka kwenye mtambo wa simu, kinachofika ni mabaki tu.

Yeye alikuwa karibu na mtambo, lakini mabaki ndiyo aliyoyapata. Alilipia kasi ya kilobiti 512. Hakuwahi kuona hata theluthi yake. Mvua ikinyesha, hakuna. Friji likianza kunguruma, hakuna. Simu ikilia, mawasiliano yanakatika palepale, na kazi aliyokuwa akiituma chuoni inapotea. Alikuwa akiamka saa tisa usiku ili asome wakati hakuna anayepiga simu. Mafundi waliitwa mara mbili. Wa kwanza alitazama nguzo akaondoka. Wa pili alisema laini ni nzima, akaomba nauli. Mkwe wangu, ambaye si mtu mbaya ila ni mtu wa hesabu, akatamka kwamba mwisho wa mwezi laini inakatwa. Binti yangu alinieleza hayo bila kulia, na mimi ninayemjua nilielewa kwamba amekwisha kulia siku nyingi. Laini ikikatwa, na masomo yamekwisha.

Hapo nikamkumbuka jirani yangu, ambaye nitamwita Fundi, maana ndivyo kijiji kizima kilivyomwita. Mwaka 1972 alipelekwa Mbagathi, Nairobi, kwenye chuo cha Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, akafundishwa kazi ya laini. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, akaendelea na shirika jipya la Tanzania. Shirika hilo nalo likagawanywa mwaka 1994, posta huku na simu huku, na katika misukosuko ya miaka ile akarudi nyumbani kulima mahindi na mihogo. Tangu hapo hakugusa waya. Nilipomweleza shida yetu, alikaa kimya akiendelea kupukuchua mahindi.

"Mimi nilifundishwa simu, Mwalimu," alisema hatimaye. "Hayo mambo ya kompyuta yamekuja nikiwa shambani."

Nikamwambia yanapita katika waya uleule. Akaacha kupukuchua. "Nyaya mbili?" Nikasema, mbili. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa turubai wenye bisibisi na koleo ambazo, kwa jinsi zilivyong'aa kwa mafuta, hazikuwa zimesahauliwa hata siku moja.

Tulipofika mjini, binti yangu akamwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia na kuketi, akanywa chai taratibu. Kisha hakwenda kwenye kompyuta wala kwenye nguzo. Aliomba kila kitu kilichochomekwa kwenye laini kiondolewe, akatafuta kile kisanduku cha kwanza kabisa ambako waya wa nje unaingilia nyumba. Tukapeleka modemu hapohapo, barazani, juu ya kigoda. Akasema tungoje.

Naomba msomaji anivumilie hapa, maana hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Ukichomeka modemu pale mwanzoni na nyumba nzima ikiwa imetengwa, umeigawa shida mara mbili. Ikibaki vilevile, kosa liko nje, kwenye nguzo na mtambo, na huna la kufanya ila kulalamika. Ikipona, mwizi unaishi naye. Ikapona. Taa ya modemu ikatulia, na ukurasa wa chuo, ambao kwa kawaida ulifunguka kama mlango wenye kutu, ukafunguka mara moja. Mkongo ulikuwa umesafiri maelfu ya kilomita chini ya bahari bila tatizo, kumbe unakwamia kwenye mita chache za darini.

Fundi akapanda darini na tochi, akawa ananieleza kwa sauti anayoyaona. Waya wa awali, alisema, ulikuwa mzuri: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Usokotaji huo si urembo. Alexander Graham Bell mwenyewe aliuombea hataza yake mwaka 1881, kwa sababu nyaya mbili zikisokotwa, kelele ya umeme inayoupiga mmoja huupiga na mwenzake kwa kiasi kilekile, na mwishoni kelele hizo hufutana. Sisi tuliokulia kwenye mkonge tulijua kwamba uzi ukisokotwa hupata nguvu. Hatukujua kwamba hupata na utulivu. Lakini mpangaji fulani wa zamani alikuwa ameongeza waya bapa usiosokotwa, akaulaza sambamba na waya wa umeme wa friji. Viungo vilikuwa vimepindwa kwa vidole na kufungwa utepe, na shaba imeota kutu ya kijani. Ndiyo maana mvua ilikuwa adui. Panya nao walikuwa wamekula mpira wake mahali pawili.

Kubwa zaidi ni matawi. Waya mmoja ulikwenda jikoni ukaishia hewani, haukuwa na simu. Mwingine uliingia chumbani. Kwa sauti ya mtu matawi hayo hayana madhara, kwa kuwa simu hubeba mitetemo isiyozidi 3,400 hivi kwa sekunde. Intaneti hupanda juu sana katika waya uleule, kuanzia mitetemo kama 25,000 hadi kupita milioni moja, na mitetemo hiyo ikifika mwisho wa tawi lililokufa hugonga na kurudi, kama mtu anayepiga kelele bondeni Usambara akajibiwa na mlima. Modemu inasikia maneno na mwangwi wake pamoja.

Tawi la jikoni lilikatwa upesi. La chumbani lilileta kimya. Mimi ni baba mkwe. Chumbani kwa mkwe wangu siingii, hata nyumba iungue. Fundi naye alisema kwa umri wake hafungui mlango wa chumba cha watu ambao mwenyewe hayupo. Binti yangu akataka kuingia kuchomoa simu, lakini kuchomoa simu hakuondoi tawi. Basi yule mzee akatambaa juu ya dari, akiwa na miaka inayokaribia sabini, akaufuata ule waya hadi juu ya chumba, akarudi nao nyuma hadi kwenye kiungo, akaukata hapo na kuuvuta wote. Heshima ilibaki salama na tawi likafa.

Akaunganisha upya waya mmoja tu kutoka kisanduku cha kwanza hadi kwenye meza ya kusomea, wa kusokotwa, mbali na umeme, viungo vimekwanguliwa na kutiwa risasi. Simu ya sebuleni akaiwekea kichujio, kile kidude kidogo kilichokuja na modemu na ambacho binti yangu alikuwa amekihifadhi kabatini kwa kudhani ni cha akiba. Kazi yake ni kuzuia simu na intaneti zisiingiliane, maana kengele ikilia mtambo hutuma umeme wa volti 75 au zaidi. Fundi aliniambia nipige namba ile kwa simu yangu ya mkononi akiwa bado ameshika nyaya, akarushwa kidogo, akacheka kama kijana. "Ni yeye," alisema. "Hajabadilika."

Mkwe wangu alirudi saa kumi na mbili jioni. Akaona vumbi sakafuni, akaona mzee asiyemfahamu anafuta bisibisi. Tukampa kiti. Binti yangu akafungua kazi yake na kuituma mbele yetu, na wakati inakwenda nikapiga simu ya mezani makusudi. Ililia hadi ikachoka, kazi ikafika. Mkwe wangu akatazama kwa muda, akauliza ile simu ya chumbani imekwenda wapi.

"Ya chumbani nimeizika, mwanangu," Fundi akajibu. "Mkiitaka tena, niiteni mimi."

Hakusema tena habari ya kukata laini. Alimlipa Fundi, ambaye alikataa mara mbili na ya tatu akapokea, kama inavyopasa. Ndani ya basi la kurudi Makuyuni alikuwa na gunzi la waya mapajani, ule wa chumbani, akiuzungusha vidoleni. Baada ya hapo aliitwa kwenye nyumba nyingine nne au tano mjini, na kila mara alianzia pale pale, kwenye kisanduku cha kwanza, na kila aliponisimulia alitaja matawi aliyoyakuta kama mtu anayehesabu nyoka aliowaua.

Laini ile haipo tena. Binti yangu alimaliza shahada yake, wakahamia nyumba nyingine, na sasa wanatumia intaneti ya mnara kama sisi wa Makuyuni. Kifaa chao cha kurusha mawimbi nilikikuta kimefungiwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya sufuria. Nikamwambia akitoe.